Blanketi Alilolifua Onchiri

Shemeji yangu Onchiri alikuwa mwosha maiti katika hospitali moja mjini Kisii. Nalisema jambo hilo waziwazi, maana kwetu Ekerenyo watu walipenda kulizungukazunguka. "Yuko serikalini." "Ni mtu wa hospitali." Mume wangu Angwenyi, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa bingwa wa kuzungukazunguka. Ukimuuliza kaka yake hufanya kazi gani, alikohoa kwanza.

Ili umjue Onchiri ilikubidi umwone akija nyumbani. Alikuwa ameshanawa hospitalini mara tatu mpaka kwenye viwiko, lakini akifika kijitoni, chini ya shamba letu, aliinama akanawa tena. Nguo za kazi hakuzivaa njiani hata siku moja. Mkate wa kutuletea aliununulia hapa hapa sokoni Ekerenyo, wala si mjini, ili usipite karibu na kazi yake. Akiingia uani alisalimu kwa kuinua mkono juu, asimpe mtu taabu ya kuamua kama ataushika au hataushika. Mkewe alikuwa amerudi kwao Kenyenya zamani, akisema hawezi kulala karibu na mikono ile. Mimi nami nilimwekea kikombe chake peke yake, cha buluu, kwenye msumari wake. Alikinywea miaka kumi na saba bila kuuliza kwa nini hakichanganywi na vingine.

Krismasi ilipokaribia watu wa kwetu walikuwa na desturi nzuri, siwezi kuikana. Mwalimu alipelekewa jogoo. Dereva wa lori la majani chai alipewa mkungu wa ndizi. Muuguzi wa zahanati alipewa mayai mpaka akakosa pa kuyaweka. Hata askari wa chifu, ambaye mpaka leo sijui alitusaidia nini, hakukosa chake. Onchiri hakupata hata limau. Na watu hao hao wakifiwa, walikwenda kumlilia mlangoni kwake kazini: "Onchiri, ndugu yetu, tuangalizie mtu wetu vizuri." Aliwaangalizia. Wakamwahidi mbuzi. Mbuzi wale wote wangefika, angekuwa tajiri wa mifugo.

Mama yao, Tryphosa, mwaka ule wa tisini na saba alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Mimi ndiye niliyekuwa miguu yake na macho yake. Nilimwogesha, nikamlisha uji wa wimbi kwa kijiko, nikambeba nje siku jua lilipotoka, na mwaka ule halikutoka mara nyingi, kwa sababu ndiyo ile mvua ya El-Nino iliyonyesha mpaka vyura wakaingia jikoni. Kazi hiyo niliifanya miaka minne. Hakuna aliyeniambia asante, si Angwenyi, si dada zake walioolewa mbali na kuja mara moja kwa mwaka kunikagua. Nayasema haya mjue nilikuwa na moyo wa namna gani mambo yalipofika.

Sasa, kwetu mwanamume mzima haingii chumba anacholala mama yake. Matandiko yake hayagusi, wala hayataji mbele yake. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na mtu anayeivunja huonekana hana malezi. Kwa hiyo lolote la kitandani kati ya Tryphosa na wanawe lilipitia kwangu. Mwezi wa kumi aliniita akaninong'oneza.

"Mama Jethro, mwambie Onchiri Krismasi hii asiniletee sukari. Mwambie mifupa yangu ina baridi."

Hata kwangu hakutaja neno blanketi. Lake la zamani lilikuwa limekonda mpaka unaona mkono upande wa pili. Nilimfikishia Onchiri maneno hayo kama yalivyo, naye akasema, "Nimesikia, shemeji." Basi mama akaanza kungoja. Kila asubuhi aliniuliza Krismasi imebaki siku ngapi.

Onchiri alikuja tarehe ishirini na nne mchana, amelowa chapachapa, na kitu amekikumbatia ndani ya koti lake kisinyeshewe. Alinipa mkate na sukari. Halafu akaufungua mfuko wa nailoni, akatoa blanketi zito la buluu lenye mistari miwili myeupe.

"Hili ni la mama," alisema. "Ni safi. Nimelifua mwenyewe."

Nililipokea, na mara harufu ikanipiga puani. Ilikuwa harufu ya ile dawa wanayosafishia hospitali, ile ambayo ukishaisikia siku ya kwenda kumchukua mtu wako mochari huisahau tena. Nilitafuta lebo, hakuna. Nilitafuta karatasi ya duka, hakuna. Nikajiuliza, nani hufua blanketi jipya? Siku zile kila aliyefiwa alipeleka blanketi mochari la kumfungia mtu wake, na haikupita mwezi bila watu kunong'ona kwamba blanketi la fulani lilibadilishwa. Nikamtazama shemeji yangu usoni. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona Onchiri akitabasamu tangu mkewe aondoke.

Hakukaa. Wauguzi walikuwa wamegoma, alisema, watu wanakufa ovyo na yeye yuko peke yake. Alikunywa chai kwenye kikombe chake cha buluu, akaenda zake kabla mvua haijazidi.

Angwenyi aliporudi nilimwonyesha. Alilinusa, akakohoa. "Lisiingie kwa mama," alisema. Lakini nisimtwishe yeye mzigo wote. Kabla hajakohoa nilikuwa nimeshaamua. Nililitia ndani ya gunia, nikalipandisha kwenye dari ya jikoni, pale juu ya moshi tunapohifadhi mahindi ya mbegu.

Mama alikuwa amesikia sauti ya mwanawe.

"Onchiri amekuja?"

"Amekuja, mama, na ameondoka. Ana kazi nyingi."

"Ameniletea nini?"

"Mkate na sukari."

"Ile habari yangu ulimpa?"

"Nilimpa."

"Basi amesahau," alisema. "Ana watu wengi wa kuangalia." Akageukia ukutani. Nilimfunika kwa leso yangu ya kujifunga na gunia lililokatwa, nikaona nimefanya wema.

Kesho yake Krismasi tulipeleka majani kwenye banda la kupimia, maana chai haingoji mtu amalize sikukuu. Lori lilichelewa kwa matope, wanawake tumekaa juu ya vikapu, na mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango. Nikamwambia mke wa Ogari, jirani yetu, kwamba shemeji ameleta blanketi linalonuka mochari. Nilimwambia yeye tu, kwa sauti ya chini. Jioni ile ile habari ilikuwa imefika Manga. Familia moja huko, iliyozika mwezi uliotangulia, ikaapa kwamba blanketi lao ndilo hilo, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusema lilikuwa la rangi gani.

Jumatatu ilikuwa uchaguzi na Onchiri akaja kupiga kura nyumbani. Kwenye foleni watu walimwachia nafasi mbele na nyuma, kubwa ya kupita ng'ombe. Naye, maskini, akadhani ni ile nafasi yake ya kila siku. Alipomaliza alipitia kwetu. Alinikuta uani, akaangalia chini kwa aibu, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kitandani.

"Shemeji, lile nililoleta. Linamfaa?"

"Linamfaa," nikasema.

Aliingia sebuleni, akakaa. Mama alikuwa akikohoa nyuma ya ukuta wa udongo, karibu kiasi kwamba kusingekuwa na ukuta wangenyoosha mikono wakashikana.

"Mama, hujambo?"

"Nipo, tata. Ni baridi tu."

Tata ni baba kwa lugha yetu, na mama zetu huwaita hivyo wana wao wa kiume wanaowapenda. Onchiri alinigeukia. Nikamjibu haraka kwamba ni homa, na mwenye homa husikia baridi hata umfunike vitu kumi. Mtu aliyeona wenye homa wengi kuliko mimi aliitikia kwa kichwa, akaniamini. Angeweza kusukuma pazia akaona mwenyewe. Hatua mbili tu. Lakini malezi yake yalikuwa mazuri.

"Ningesema mmlete hospitalini," aliniambia akitoka, "lakini sasa hivi huko kuna daktari mmoja na mimi."

Siku ya mwaka mpya kifua cha mama kilianza kupiga filimbi. Hapo moyo ulinishtuka. Sikumfikiria Onchiri, nasema kweli, nilifikiria dada zao watakavyonikuta nimemfunika mama yao gunia. Ijumaa, tarehe mbili, nikamwachia mke wa Ogari amwangalie, nikapanda gari kwenda Kisii kununua blanketi lisilo na maneno.

Niliingia duka la Ashok, Mhindi aliyeuza vitambaa na matandiko karibu na soko. Mkewe, Palak, ndiye aliyekuwa ndani. Niliinua macho kwenye rafu nikaona mablanketi ya buluu, kumi hivi, yamekunjwa vizuri, kila moja na mistari miwili myeupe.

"Hiyo ni nzuri sana, mama," Palak alisema. "Ni ya nani?"

"Ya mama mkwe. Mzee sana. Huko Ekerenyo."

"Ekerenyo? Unajua Onchiri wa hospitali?"

Nikasema namjua. Sikusema ni nani wangu, na hapo nilikuwa nimejifunza kwa Angwenyi kuzungukazunguka.

Palak alishusha blanketi moja akaliweka mbele yangu, akaanza kunieleza. Baba mkwe wake alikufa hospitalini mwaka wa malaria ile kubwa, wakati maiti zilikuwa zinalazwa chini kwa kukosa nafasi. Wanawe walikuwa safarini. Onchiri hakukubali yule mzee alazwe chini. Alimlaza kwenye meza yake mwenyewe ya kazi, akamfunika koti lake, akakaa mlangoni kutwa nzima mpaka wenyewe wakafika. Walipotaka kumpa kitu alikataa. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, waliita wafanyakazi, mlinzi, mwanamke wa kufagia, wakawapa peremende na nguo, na kila mara walimtumia Onchiri salamu aje, asije.

"Safari hii amekuja," Palak alisema. "Bwana yangu akamuuliza, Onchiri, wewe unahitaji nini? Akasema, mimi sihitaji kitu, lakini mama yangu anasikia baridi. Basi mimi mwenyewe nikamchagulia hii, nikamfungia na karatasi ya Krismasi."

Nilimuuliza kwa nini basi alilifua. Neno lilinitoka tu, na yeye hakushangaa nimejuaje.

"Ata mimi nilimwambia! Alirudi kuuliza kama ikifuliwa na dawa ya hospitali itatoa rangi. Nikamwambia, ni mpya, unafua nini? Akasema imelala siku mbili kwa chumba chake cha kazi, na mama yake hawezi kufunikwa kitu imetoka huko bila kuoshwa." Alicheka kidogo. "Huyo mtu ni msafi sana."

Nilitoka bila kununua kitu. Aliniita, sikugeuka.

Nilikwenda moja kwa moja hospitalini, mahali ambapo sikuwahi kumtembelea kwa miaka yote ile. Mlango ulikuwa wazi nusu. Onchiri alikuwa amenipa mgongo, anamwosha mwanamke, na alikuwa akizungumza naye. "Geuka kidogo, mama. Hivyo. Tunamaliza sasa hivi." Sauti aliyotumia hakuna mtu aliyewahi kuitumia kwangu. Nilikuwa nimekuja kumwambia ukweli. Aliponiona nikasema, "Mama amezidiwa, twende." Ndiyo niliyoyaweza.

Tulipanda gari la kurudi. Mara mbili nilifungua mdomo, ule mdomo wangu usio na mlango, na mara mbili ukagoma.

Tulipopanda kutoka kijitoni, yeye akiwa bado anakung'uta maji mikononi, tulisikia wanawake wakilia. Ilikuwa kama saa kumi. Mke wa Ogari alitoka na kutuambia mama amekata roho muda mfupi uliopita, na kwamba kabla ya hapo alikuwa ameuliza Krismasi imebaki siku ngapi.

Onchiri alisimama uani. Mtu aliyekuwa ameosha wafu wa nchi nzima, wa watu waliomwachia nafasi kwenye foleni, hakuruhusiwa kumwosha mama yake. Wanawake walinitazama mimi. Mimi ndiye mke wa nyumba ile. Niliingia na beseni, nisijue nianzie wapi, na hapo nikasikia sauti yake nje ya kidirisha. Alikuwa amesimama amegeuza mgongo, anatazama migomba.

"Anza na uso, shemeji. Maji yawe ya uvuguvugu."

Nikaanza na uso.

"Mwambie kila unachofanya. Usimvute mkono, ungoje ulegee wenyewe. Kidevu kifunge kwa kitambaa, lakini usikaze."

Nilifanya yote aliyoniambia. Alikuwa mwepesi mama yule, na vidole vya miguu vilikuwa baridi, na nilijua vilikuwa baridi tangu Krismasi. Nililia huku nikiosha. Tulipomaliza kumvalisha, Onchiri akasema, "Sasa mfunikeni blanketi lake."

Wanawake walilitafuta kitandani kwa macho. Nilitoka, nikaingia jikoni, nikapanda, nikalishusha gunia. Njia ya kurudi ndani ilipita mbele yake. Alinyoosha mkono akalishika pembe, akalisogeza puani. Ile dawa ilikuwa imekwisha kabisa. Lilinuka moshi wa jikoni tu, na masizi yalikuwa yamepenya gunia yakalitia madoa. Alitazama paa la jikoni. Alitazama mlango wa chumba cha mama. Halafu akanitazama mimi. Nilitamani anipige. Ningepumua.

Alilichukua, akalikung'uta mara tatu upande usio na upepo, akalikunja masizi yakae ndani, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji," alisema, "kwa kumwangalia mama."

Miaka minne nilikuwa nimelisubiri neno hilo, na lilinichoma vibaya kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa.

Niliingia nikamtandazia Tryphosa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nimwambie kila ninachofanya, nilimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Mama, hili ni blanketi lako. Onchiri alikuletea kabla ya Krismasi. Hakusahau. Ni mimi niliyelificha." Mke wa Ogari aliinamisha kichwa.

Tulimzika nalo Jumatatu. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Watu wa Manga walikuja kuangalia rangi, na huko nyuma ya umati nilisikia mtu akinong'ona kwamba blanketi la wafu sasa limerudi kwa wenyewe. Ningeweza kusimama mbele ya kaburi nikayasema tena yale niliyoyasema chumbani. Nilikaa. Mbele ya wanawake wanne nilikuwa na ujasiri, mbele ya watu mia tatu sikuwa nao. Kile kikombe cha buluu nilikichanganya na vingine siku hiyo hiyo, na Onchiri akapewa chai kwenye kikombe chochote kilichokuwa karibu, lakini sidhani hilo linahesabika kwa lolote.

Krismasi ya mwaka uliofuata nilidhani hatakuja, maana aliyekuwa akimjia hayupo. Alikuja. Alinawa kijitoni, akainua mkono uani, akanipa kifurushi. Nilimwambia mama hayupo tena, ni cha nani? Akasema ni changu, kwa ile miaka minne. Ndani mlikuwa na leso mbili nzuri, bado zimeshikana, hazijakatwa, na ugumu wake wa dukani. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa kitu cha Krismasi kwa kazi ile.

Karatasi ndogo ilikuwa imebanwa kwa pini juu ya kitambaa. Aliniona ninaitazama.

"Ni mpya, shemeji," alisema. "Sikuzifua. Na risiti ndiyo hiyo."